Kila Kiriba Kichanwe Kwanza

Mama,

Mche ambao Makamu wa Mkuu wa Chuo aliupanda kichwani pa kaburi lako umekufa. Niliuacha ufe. Nakuambia mwanzoni kabisa kwa sababu najua ungekuwa hai ungenitazama juu ya miwani yako na kuniuliza mti umenikosea nini. Haukunikosea kitu. Niliuhitaji ukiwa mkavu.

Nitakueleza kwa mpangilio, kama ulivyonifundisha kuandika insha, ingawa leo kalamu inataka kukimbilia mwisho.

Nyumba ya chuo cha ualimu tulishairudisha. Amepewa mkufunzi mpya wa Hisabati, mtu wa Singida, mpole, hana kosa. Watoto wake wameng'oa maua yako ya mbele na kujenga banda la kuku. Siku hizi kila nyumba ina mradi. Mimi nimehamia Lufingo kwa Bibi, nalala kwenye kitanda ulicholalia ulipokuwa msichana, na bado kina lile jina ulilochonga ubavuni kwa msumari. Vitabu vyako viko chini ya kitanda ndani ya boksi. Bibi ameviwekea majivu kuzunguka pande zote ili mchwa wasipande. Shuleni naenda kwa miguu na kufika nimelowa mpaka soksi. Darasani bado sisemi. Mwalimu wa Kiswahili ananiita Bubu wa Lufingo, wenzangu wanacheka, na mimi nacheka nao kidogo ili wanyamaze upesi.

Lakini nimesema, Mama. Mara moja, mbele ya watu wote. Hiyo ndiyo habari niliyokuletea.

Kabla sijaifikia, ngoja nikumbuke ulivyoanza, maana wenzako chuoni wanasimulia siku hizi kama vile walikuwa nawe tangu siku ya kwanza. Hawakuwa nawe. Miti ya mteremko ulio juu ya chuo ilikuwa imekatwa ikaingia jikoni kwa kuni, na chemchemi iliyo chini yake, ile inayotunywesha chuo kizima na watu wa bondeni, ilikuwa inatoa maji kama mtu anayetoa siri. Ulilipeleka jambo hilo kwenye kikao cha wafanyakazi. Uliniambia jioni yake kwamba walikusikiliza vizuri sana, kisha wakaendelea na ajenda ya mifuko ya saruji. Wakufunzi walikuwa na mambo yao. Mshahara haukutosha, biashara zilikuwa zimeruhusiwa, na kila mmoja alikuwa na kitu kinachomsubiri nje ya geti: kuku, ng'ombe wa maziwa, marobota ya mitumba. Makamu wa Mkuu wa Chuo alikuwa na duka lake mjini Tukuyu, lile lenye mlango wa bluu.

Basi hukuomba kikao kingine. Ulikwenda kwa Mkuu wa Chuo, yule mzee, ukamwomba kitu kimoja tu: maji ya chai ya ofisi ya wakufunzi yasichotwe tena na wanachuo. Wakufunzi wayachote wenyewe kwa zamu, na ndoo. Mzee alicheka, akakubali, nadhani kwa sababu alitaka kuona itakuwaje. Nilikuuliza itasaidia nini. Ulisema, "Mtu akiambiwa chemchemi inakauka atasema pole. Akisimama mwenyewe na ndoo isiyojaa, atatukana. Nataka watukane."

Wakatukana. Namkumbuka Mhasibu, yule mnene, aliporudi na nusu ndoo na suti yake ya mtumba imelowa mguu mmoja. Nilikuwa nimekuletea ufunguo, nikamsikia akisema, "Mama Subi, kule juu mtu anasimama mpaka ndevu zinaota, ndoo haijajaa." Nawe ukamjibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye madaftari uliyokuwa unasahihisha, "Basi unyoe, baba, maana wiki ijayo ni wewe tena." Ofisi nzima ikacheka. Baada ya mwezi ni yeye Mhasibu aliyesimama kikaoni akauliza ile habari ya miti imeishia wapi.

Ndipo ukaanza kitalu nyuma ya jikoni letu. Mimi na wewe. Hatukuwa na vya kuoteshea, kwa hiyo tulichukua magamba makavu ya migomba kwa Bibi, tukayakunja yakawa vikombe, tukayafunga kwa kamba za migomba hiyohiyo. Samadi tuliipindua kila Jumapili baada ya kanisa. Uliniambia nichukue konzi moja, niinuse. "Ikiwa mbichi inanuka zizi," ulisema. "Ikiiva inanuka mvua." Nilinusa na wewe ukanusa baada yangu, na tulikuwa na madoa puani kama paka walioiba.

Na vile vigingi. Ulimpa kila mfanyakazi wa chuo sehemu yake ya mteremko, kuanzia Mkuu mpaka mlinzi na mama wa jikoni, ukachonga kigingi na kuandika jina lake kwa rangi nyeupe. Ulisema mtu hawezi kupita karibu na jina lake bila kuligeukia. Siku ya kupanda ulisimama katikati ukawaambia, "Fukia na gamba lake, kama lilivyo. Litaoza lenyewe." Wakafukia. Ile miti ya chini, ya mwaka ule wa kwanza, inanipita urefu sasa. Nilisimama kati yake juzi, sikuonekana.

Walijifunza vizuri mno, Mama. Walijifunza kufukia kama kilivyo.

Ukaja mwaka wa mgeni. Tulisikia mgeni mkubwa atakuja kuona chuo kinachopanda miti, na Makamu akawa mbele ya kila kitu. Akasema magamba hayafai. Sauti yake ilisikika mpaka jikoni: "Mgeni atoke mbali kote huko aje atazame magamba ya migomba? Atasema hiki si chuo, ni shamba la bibi yake Subi." Akaleta viriba vya plastiki, vile vyeusi, kutoka dukani kwake. Hukubishana. Ulisema navyo ni vizuri, vinabeba udongo zaidi, ilimradi mtu akumbuke kuvichana wakati wa kupanda, kwa kuwa plastiki haiozi na mzizi hauwezi kuitoboa. Ulijaza viriba ukikohoa. Nakumbuka ulikuwa ukisimama kila baada ya kiriba, unashika kiuno, unatazama mlima Rungwe kama vile unautazama kwa kupenda tu, kumbe unatafuta pumzi.

Siku mbili kabla ya mgeni ulishindwa kuamka. Ukaniita kitandani, ukanipa pakiti za nyembe zilizofungwa kwenye karatasi ya kaki. Ukasema nimpelekee Makamu, nimwambie kila kiriba kichanwe kwanza. Ulinifanya nirudie, kwa sababu unanijua ninavyomeza maneno.

Nilikwenda. Hili sikukusimulia lote, kwa kuwa ulikuwa ukikasirika kikohozi kinapanda. Nilimkuta ofisini anahesabu viti vya kukodi na mtu wa viti. Nikasema shikamoo. Akasema, "Marahaba binti, mama anaendeleaje?" Nikampa karatasi ya kaki. Nikasema, "Mama amesema kila kiriba kichanwe kwanza." Akasema, "Unanong'ona kama uko kwenye maungamo, sema." Nikasema tena, kwa sauti, mpaka yule mtu wa viti akageuka. Makamu akacheka. "Mwambie mama yako sisi ni wakufunzi, siyo chekechea." Akafungua droo, akaziweka nyembe, akafunga droo.

Niliporudi nilikuambia amepokea. Ni kweli alipokea.

Siku yenyewe mimi nilikuwa shule, lakini Mwalimu Ambokile, rafiki yako wa Jiografia, amenisimulia baadaye. Mgeni alichelewa. Mvua ilikuwa inakuja upande wa Lufingo. Hotuba zikawa ndefu, watu wamevaa viatu vyao vizuri, na wengi walikuwa na miradi inawangoja. Ulipofika wakati wa kupanda, Makamu alipita mbio kati ya vigingi akipiga makofi, "Fukieni tu, fukieni, mgeni anaondoka." Wakafukia. Kama ulivyowafundisha mwaka wa kwanza. Hakuna aliyeuliza kama plastiki inaoza, na hao ni watu wanaofundisha walimu.

Ikapigwa picha. Makamu yuko katikati na jembe safi.

Kisha miche ikaanza kukauka mteremko mzima, na wewe hukuweza kupanda kule juu kuitazama. Ulitegemea kuambiwa. Makamu alikuja kukuona na machungwa, akakaa kwenye kiti changu cha kusomea, akavuka mguu. "Mama Subi, usijilaumu sana," alisema. "Haya mambo hutokea. Pengine samadi ilikuwa bado mbichi."

Alipoondoka uliangalia dari muda mrefu. Ukasema, "Labda ilikuwa mbichi, Subi." Nikasema haikuwa. Ukasema, "Nilikuwa naumwa, huenda sikuinusa vizuri." Kesho yake ukaniuliza tena. Wiki ile ya mwisho, hata ulipokuwa huli, uliniuliza tena kama nakumbuka ilikuwa inanuka nini.

Uliondoka ukiamini mkono wako ndio ulioua mteremko mzima. Kufa kila mtu atakufa, Bibi ananiambia hivyo kila siku. Lakini kufa ukiomba radhi kwa kosa la mtu aliyekaa kwenye kiti changu anamenya chungwa, hilo, Mama, siliwezi.

Siku ya mazishi, huku Lufingo kwa Bibi, Makamu ndiye aliyezungumza kwa niaba ya chuo. Alisema vizuri. Alisema mama huyu alijitahidi, ingawa miche yake ya mwisho haikukubali, na Mungu hutazama nia. Watu wakaguna kwa huruma. Kisha akaomba kupanda mti kwa ukumbusho. Alikuja nao kwenye lori la chuo, mmoja wa wale waliobaki kitaluni. Nilikuwa nimepiga magoti karibu kabisa na shimo lile dogo. Aliuingiza, akavuta udongo kwa kiatu, akaukanyaga. Na pale shinani, kama ukosi wa shati unaochungulia kwenye sweta, ulibaki ukingo mweusi wa plastiki.

Hapo nikaelewa mambo yote kwa pamoja. Nikalia kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa, wanawake wakanishika, wakasema mwacheni mtoto alie, ameanza kuelewa. Walisema kweli bila kujua.

Wiki iliyofuata, nilipotoka shule, nilipanda mteremkoni na jembe la Bibi lenye mpini mfupi. Nikachimba kwenye kigingi cha Makamu. Kiriba. Nikachimba cha Mhasibu. Kiriba. Cha Mwalimu Ambokile, nikiomba kisiwemo, kilikuwemo. Ndani ya plastiki mizizi ilikuwa imezunguka, imezunguka, kama kitu kinachotafuta mlango, na samadi yako katikati bado nyeusi, imelegea. Niliinusa. Kisha nikafukia kila kimoja kama nilivyokikuta, nikasawazisha kwa mkono.

Utaniuliza kwa nini sikwenda moja kwa moja kwa Mkuu. Ningesema nini, mimi, mlangoni pale, na katibu wake anaponiangalia tu nasahau jina langu? Na hata kama ningesema, wangeniita ofisini, wangefunga mlango, wangenipa soda, na Makamu angenishika bega. Sikutaka mlango ufungwe. Niliwataka wote wawepo.

Sikuwa mtu mzuri miezi hiyo. Nilipita mbele ya duka lenye mlango wa bluu kila siku ya shule, na kila siku nilifikiri kitu kipya. Kumwaga mafuta ya taa kwenye gunia la sukari. Kuandika ukutani kwa rangi nyeupe, rangi ileile ya vigingi. Kumng'olea kabichi zake zote alizolima nyuma ya duka na kuzipanga mlangoni na mizizi juu. Nilizifikiri kwa utulivu, kama mtu anayepiga hesabu ya nyumbani. Halafu nikafika kwa Bibi, nikasalimia, nikapika.

Bibi naye aliuona mche wako unanyauka. Asubuhi moja akatoka na kopo la maji, nikamzuia njiani. Ilibidi nimwambie yote, nyembe, droo, machungwa, samadi. Nilimwambia kwa kigugumizi na akanisubiri. Unamjua alivyo, uso hausemi. Kisha akageuka akayamwaga maji yale kwenye mgomba wa karibu. "Basi uache," alisema. "Mwenye mti atakuja kuuona mwenyewe." Tangu siku hiyo tulipita karibu nao sote wawili, kila mmoja na shughuli zake, tukautazama ukifa. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na mwenzake kwenye jambo la namna hiyo, na mwenzake huyo akawa mzee wa kanisa.

Siku ya kukuwekea msalaba na kusakafia kaburi walikuja wengi. Chuo kilileta lori, saruji na wakufunzi karibu wote. Bibi alikuwa amepika tangu alfajiri. Wewe ungependa, palikuwa na ndizi za kila namna. Baada ya sala, fundi alipokuwa bado analainisha saruji, Makamu akaomba neno. Alisalimia kwa Kinyakyusa, "Mugonile," ili wazee wafurahi, kisha akarudi kwenye Kiswahili chake cha mikutano. Akasema chuo hakijamsahau mama huyu. Akasema kwa kuwa mteremko ule wa miche umeshindikana, kikao kijacho kitaugawa uwe viwanja vya wafanyakazi, watu walime viazi na kupanda mikaratusi ya nguzo. Na kwamba yeye binafsi ameona vema familia ya marehemu ipewe kipande kimoja, kiwe pole.

Alikuwa anatupa mteremko wako vipandevipande mbele ya kaburi lako, na kipande cha mfupa akakirusha kwa Bibi.

Nilisimama. Sijui nilisimamaje. Nilikwenda kichwani pa kaburi, nikashika ule mche mkavu shinani, nikavuta. Ulitoka bila kunisumbua, wote, na kiriba chake, mzima kama chupa. Nikapita katikati ya watu nikiwa nimeubeba mikononi. Viatu vyangu vya shule vilikuwa vinalia kwa sababu vimelowa, ndicho kitu pekee nilichokisikia. Nikafika mbele ya Makamu. Nikasema shikamoo. Hakuitikia. Nikampa mche kwa mkono wa kushoto na kwa wa kulia nikatoa wembe nilioununua mwenyewe kwenye mfuko wa sketi, bado umo kwenye karatasi yake.

Nikasema, "Mama amesema kila kiriba kichanwe kwanza."

Nilisema kwa sauti ileile aliyonidai ofisini. Nilimwona akikumbuka. Mama, nataka ulijue hilo kuliko yote, nilimwona usoni akikumbuka.

Akasema taratibu, "Binti, hapa si mahali pake." Akatazama huku na huku kama anayetafuta mtu wa kunitoa. Ndipo Bibi akasema kutoka alipokaa mkekani, hakuinuka, "Upokee wembe, tata. Mama yake kasema. Si mmemsikia?" Na kwa sababu ni Bibi, na ni msiba wake, na ni boma lake, hakuna mtu aliyeweza kusema kitu.

Akapokea. Akachana. Plastiki ilipinda mara kadhaa kabla ya kukubali. Udongo ukadondoka kwenye viatu vyake na mizizi ikabaki inaning'inia, imejisokota yote kuwa duara. Wale ni walimu, Mama, hata ningetaka kuwaeleza ningewaeleza nini zaidi. Nyuma yangu mwiko wa fundi ulikuwa unakwaruza.

Wa kwanza kusema alikuwa Mhasibu. "Na mimi nilifukia hivyohivyo." Akavua kofia. Mwalimu Ambokile akaanza kulia, akasema, "Nilijua plastiki haiozi. Nilijua, nikafukia." Mama wa jikoni akasema yeye alitaka kuuliza, lakini waliovaa tai hawakuuliza, yeye angeulizaje. Mkuu wa Chuo, yule mzee, alichukua wembe kutoka mkononi mwa Makamu, akautazama, akaufunga tena kwenye karatasi yake. "Jumamosi," alisema. "Wote tupande juu. Kila mtu kwenye jina lake." Habari ya viwanja sijaisikia tena.

Watu wakala, wakaondoka. Makamu hakula. Bibi alimfungia ndizi zake kwenye jani akampa mkononi mbele ya watu, akamwambia asante, ndaga fijo, kwa kuja. Ulijua kwamba Bibi anaweza kuwa hivyo? Mimi sikujua.

Jumamosi nilikwenda, nikakaa juu ya jiwe lililo juu ya chemchemi. Sikusaidia. Niliwatazama wakichimba kwenye majina yao. Kila mmoja alichimbua kiriba chake mwenyewe, na nilitaka kila mmoja anione nimemwona. Wengine walinisalimia, wengine walijifanya wana shughuli na jembe. Makamu alimtuma mlinzi kwa niaba yake. Mhasibu akamrudisha mlinzi kutoka katikati ya njia. "Wewe si una cha kwako pale? Hiki hakina jina lako." Hatimaye Makamu akaja na mabuti mapya ya mpira, ya dukani kwake, bei bado imebandikwa kwenye kisigino. Alichimba akiwa amenipa mgongo. Plastiki walizikusanya mahali pamoja zikawa lundo jeusi karibu kimo cha mtoto, na mashimo wakayaacha wazi kungoja mvua za kwanza.

Zamu ya maji ya chai imerudi pia. Walishaiacha ulipougua.

Nilidhani moyo ungetulia, Mama. Watu katika vitabu hutulia wakishalipiza. Wangu haujatulia, na nimegundua kwa nini. Mwalimu Ambokile alikuja Lufingo akamwomba Bibi radhi. Mhasibu ameniambia mimi, barabarani, ameshika kofia, kwamba mama yako hakukosea. Mkuu ameliandika kwenye taarifa ya chuo. Lakini yule aliyekaa kwenye kiti changu na kusema samadi ilikuwa mbichi hajasema haikuwa mbichi. Amechana, amechimba, amepanda. Hajasema. Watu wananiambia inatosha, mtu mzima ameshaaibika. Mwalimu wa dini amenisomea habari za kusamehe saba mara sabini. Nimemsikiliza kwa heshima.

Nimeanza kitalu nyuma ya nyumba ya Bibi, kwenye magamba ya migomba. Mvua za kwanza ziliponyesha nilichagua mche mmoja mzuri, nikaupeleka chuoni mwenyewe, ofisini kwake. Nikagonga. Shikamoo. "Marahaba," alisema, na akaacha alichokuwa anafanya. Nikaweka mche mezani, na juu yake nikaweka wembe. Akautazama. "Hili ni gamba," alisema. "Halihitaji wembe." Nikasema ndiyo, nalijua. Nikasimama. Sikuondoka mpaka aliponyanyuka, akavaa mabuti, akapanda nao mteremkoni mimi nikiwa nyuma yake, akaupanda kwenye kigingi chake. Alipomaliza alinitazama, akafungua mdomo, nikangoja. Akaufunga. Nikasema ahsante, nikarudi shule.

Hii ndiyo ahadi yangu. Kila mvua za kwanza nitampelekea mche mmoja, na kila mche nitampelekea na wembe. Nitagonga, nitasalimia, nitasimama. Sitapiga kelele, sitamtukana, sitagusa duka lake. Nitafanya hivyo nikiwa mwanafunzi, na Mungu akinijalia nikawa mwalimu nitafanya nikiwa mwalimu, na akistaafu nitaupeleka nyumbani kwake, mpaka siku atakaposimama kwenye kikao, mbele ya wale wote waliomsikia, aseme samadi yako ilikuwaje. Akiisema hata kesho, nitaacha. Asipoisema, mteremko wako utajaa mpaka ukingoni, na kila mti wa upande wake utakuwa neno moja alilolimeza. Mimi nina mvua nyingi mbele yangu kuliko yeye.

Kichwani pako Bibi amepanda parachichi. Nilimwambia mizizi yake itapasua saruji. Akasema wewe hukuwahi kukaa ulipofungiwa, acha ipasue.

Basi pumzika, Mama. Usijiulize tena usiku kama unavyojiuliza, kama huko mnajiuliza. Niliinusa kule juu, kwenye kiriba chake mwenyewe, katikati ya mizizi. Ilikuwa imeiva. Ilikuwa inanuka mvua.

Mwanao,
Subi